Kufuli la Sanduku la Mkate

12 Februari

Mwanangu Fyuzi,

Marahaba, maana najua shikamoo umeshaitoa hata kama huku haijasikika. Sisi wazima. Baba yako goti linamsumbua lakini mdomo haumsumbui, na kila nikipita kwake swali ni lilelile: anakula? Namjibu kwamba mtu anayefanya kazi kwenye kiwanda cha barafu hawezi kuharibika hata asipokula. Hacheki. Mdogo wako amefaulu na sasa anadai viatu. Paka wa karakana amezaa ndani ya kasha la waya za shaba na sina moyo wa kumhamisha, kwa hiyo nasuka mota za watu kwa waya uliobaki mezani.

Sasa sikia kilichonipata. Leseni yangu ya ufundi umeme inakwisha, nikaenda kuihuisha kama siku zote. Karani akaniambia siku hizi haihuishwi kwa salamu. Kila fundi, mkongwe na mchanga, ahudhurie mafunzo kwanza na afanye mtihani. Nikamwambia, mwanangu, mimi naanza kusuka mota wewe hujaota meno. Akanipa karatasi ya ratiba. Basi shangazi yako ni mwanafunzi. Nakaa dawati la mbele kwa sababu nikikaa nyuma sioni ubaoni, na mwalimu wetu ni binti wa umri wako, mwembamba kama bisibisi, ananiita mama na kunirudisha kwenye mstari kwa neno hilohilo. Ng'ombe hazeeki maini, wanasema. Magoti chini ya dawati hawakuyataja.

Nilikwenda nimenuna, nikijua nitafundishwa ninayoyajua. Somo la kwanza likanifunga mdomo. Mwalimu alikuja na kufuli. Akasema ukitaka kuingiza mkono kwenye mashine, zima swichi yake, ifunge kwa kufuli lako mwenyewe, ufunguo utie mfukoni mwako, ndipo uanze kazi. Usimwambie mtu asimame pale akulindie, kwa sababu mtu huitwa, mtu huenda msalani, mtu husahau. Kufuli haliitwi na mtu. Nilikaa nikiwafikiria wote niliowahi kuwaambia "simama hapo usiguse", nikaona baridi.

Ndiyo maana kifurushi hiki kina kufuli jekundu. Nimelichagua mwenyewe. Kwenye kibandiko nimeandika jina lako, ila namba ya simu ni yangu, maana zako unazibadilisha kama soksi. Ufunguo ni mmoja tu, ndio huo. Uliwahi kuniambia kwamba kwenu chumba cha swichi kiko mbali na mashine, na neno hilo halijanitoka. Siku unaondoka nilimwahidi baba yako kwamba utarudi na viungo vyako vyote, kama ulivyokwenda. Usinifanye mwongo.

Simu ni ya kuulizana kama mtu kafika. Maneno ni ya barua, kwa hiyo nijibu kwa barua.

Shangazi yako


3 Machi

Shikamoo shangazi,

Na nyingine mfikishie baba, umwambie ninakula. Ninakula mkate kila siku, isipokuwa siku ambazo Radi ananiwahi. Huyu Radi ni fundi mitambo mwenzangu, mtu mwema sana, ila hajui tofauti ya sanduku lake la chakula na la mwenzake. Nimefurahi mdogo wangu kufaulu. Viatu nitatuma, asinitumie picha nyingine ya vidole.

Nimecheka mpaka wenzangu wameniuliza kuna nini. Shangazi yangu darasani! Usimpige mwalimu.

Kufuli limefika. Ni zuri, zito, na linafanya kazi yake kila siku. Tangu lifike sijapata hasara hata moja. Ahsante sana.

Kuhusu namna tunavyofanya kazi, usiwe na wasiwasi. Kazi hapa imezoeleka. Mtu akiingia kwenye mashine, Radi anapiga kelele "Zima!", na kelele za Radi zinafika mpaka barabarani, ndiyo asili ya jina lake. Aliye chumba cha swichi anazima. Kazi ikiisha anapiga kelele "Washa!" Msimamizi wetu, tunayemwita Bwana Dakika kwa jinsi anavyoitazama saa yake, hapendi mashine isimame hata kidogo, hasa sasa joto limezidi na wateja wanagombania barafu getini. Kwa hiyo hata ukitaka kufanya mambo ya darasani, huyapatii nafasi.

Salamu kwa paka.

Fyuzi wako


24 Machi

Mwanangu Fyuzi,

Marahaba. Baba yako aliomba nimsomee barua yako mara ya pili, sehemu ya mkate peke yake. Goti limepata nafuu. Paka amehamia kwenye kiti changu na wanawe wote, mimi nakalia kigoda.

Barua yako na mimi nimeirudia. Umesema kufuli linafanya kazi kila siku. Hukusema linafanya kazi wapi. Umesema hujapata hasara. Swichi haileti hasara, mwanangu, swichi inaleta msiba. Hasara ni ya mkate. Mimi nimekulea, najua unavyozunguka, unajibu swali la jirani ili usijibu lako. Nakuuliza mara moja: kufuli langu liko wapi?

Na kelele nazo usiniambie. Hivi kiwanda kizima mashine zinanguruma, wewe uhai wako umeutundika kwenye koo la mtu?

Na mimi nisijifanye malaika. Mtihani nimeanguka. Swali lenyewe ni la usalama, na ukikosa swali la usalama umekosa yote, ndivyo walivyopanga. Limeuliza hivi: umekuta kufuli la mtu kwenye swichi, mwenyewe hayupo na hapatikani, kazi imesimama, utafanya nini kwanza? Nikaandika nitachukua msumeno wa chuma nilikate. Mwalimu akapiga mkasi mwekundu wa kalamu karatasi nzima, kama mtu anayeua mende. Akaniambia, "Mama, kwanza unahesabu watu. Kila aliyeingia kazini leo umwone kwa macho. Kufuli linakwambia huenda kuna mtu ndani. Halikwambii ni nani." Nikamwambia watu si kuku wa kuhesabiwa jioni. Darasa likacheka, yeye hakucheka.

Narudia mwezi wa tano. Mpaka siku hiyo leseni imelala, nasuka mota lakini saini anatia jirani yangu, na anaitia kwa madaha utadhani anatoa baraka. Nimejikaza kisabuni.

Jibu swali langu.

Shangazi yako


20 Aprili

Shikamoo shangazi,

Nimekawia, najua. Pole kwa mtihani, utashinda tu. Natumai baba anatembea vizuri na paka amekurudishia kiti.

Njia ya mwongo ni fupi. Kufuli lilikuwa kwenye sanduku langu la mkate, kwa ajili ya Radi. Barua yako ilinikuta ndiyo kwanza nalifungua nile, nikaona aibu mbele ya mkate. Kesho yake nikalipeleka chumba cha swichi, na tangu hapo kila nikiingia kwenye mashine nilifunga. Wamenicheka sana. Radi aliniuliza kama nimeanza kuogopa wezi wa umeme. Ila alishukuru, maana sanduku limebaki wazi.

Halafu jino la nyuma lilinitesa wiki nzima nikaling'oa. Siku ile uliponipigia shavu lilikuwa limevimba, ndiyo maana nilikuitikia kwa kuguna. Sasa limepona.

Siku niliyoling'oa kulitokea jambo kidogo kiwandani. Limekwisha, hakuna aliyeumia. Nimepewa mapumziko ya siku chache. Tutaongea nikija. Baba usimwambie kitu.

Fyuzi wako


28 Aprili

Mwanangu Fyuzi,

Wazima wote, na salamu nyingine utazipata mwishoni kama nitakuwa nimetulia.

Mapumziko! Kiwanda cha barafu, wateja wamejaa getini, kimpe mtu mapumziko? Jambo kidogo! Basi na mimi nikueleze jambo langu kidogo.

Siku hiyo nilikuwa karakana. Simu ikalia, namba nisiyoijua. Mwanamume akaniuliza harakaharaka kama mimi ndiye mwenye kufuli jekundu. Nikamwuliza mwanangu yuko wapi. Akasema hajui, na ndilo tatizo lenyewe: katoweka na ufunguo, simu yake imezimwa, barafu haigandi, wateja wamejaa, na yeye msumeno anao mkononi. Ananipigia kwa adabu tu, nisije nikadai kufuli langu baadaye.

Fyuzi, ningekuwa yule shangazi wa kabla ya mafunzo ningemwambia kata baba, nitanunua jingine. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ndipo nikaliona lile swali na ule mkasi mwekundu juu yake. Nikamwambia, "Usikate. Hesabu watu kwanza, kila mmoja umwone kwa macho." Akajibu kwamba dakika hiyo hana. Nikamwambia, "Kama mwanangu yumo ndani ya hiyo mashine ukaiwasha, utakuwa na dakika zote za dunia hii za kunieleza." Akakata simu.

Sikujua alikwenda kuhesabu au alikwenda kukata. Nikakupigia, imezimwa. Nikapiga namba yake, haipokelewi. Baba yako akapita akauliza kama umeandika, nami nikamwuliza habari za goti. Asubuhi yake ukapokea, ukaguna. Mguno ule niliulilia kama mtoto. Nikasema basi, ni mzima, mengine yatakuja na barua. Sasa barua imekuja, na mengine hayamo.

Alihesabu? Alikuta nini? Niambie lilivyokuwa, hata kama ni baya. Yale ninayoyawaza mwenyewe ni mabaya zaidi.

Shangazi yako


11 Mei

Shikamoo shangazi,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Sikujua kwamba ulipigiwa. Hakuna anayejua. Bwana Dakika alitukusanya akatuambia wazo la kuhesabu watu lilimjia tu, kutokana na uzoefu wake wa miaka mingi. Tulimpigia makofi.

Nakueleza lilivyokuwa. Barafu yetu inagandia kwenye tangi kubwa la maji ya chumvi, na ndani yake, chini kabisa, kuna pangaboi la kuyakoroga, linazungushwa na mota. Tulikausha tangi ili Radi abadilishe beringi. Nikazima, nikafunga swichi kwa kufuli lako, nikashughulikia nyaya za mota. Radi akamaliza yake akatoka, nami nikamaliza yangu. Hapo ilinipasa kufungua kufuli. Lakini jino lilikuwa limenishika mpaka sikio linagonga, sikuwaza chochote ila koleo la daktari. Nikaondoka. Ufunguo ukaondoka na mimi mfukoni, simu nikaiacha chumbani, haina chaji.

Nyuma yangu Radi akakumbuka kasahau spana chini ya pangaboi. Akashuka tena ndani ya tangi, peke yake, bila kumwambia mtu. Akaona bolti moja imelegea, akalala chali kuikaza. Kompresa za upande wa pili zinanguruma. Sauti ile yote, shangazi, haikuwa na msaada wowote mle chini. Bwana Dakika aliambiwa kazi imekwisha, akaenda kuwasha, akakuta kufuli. Kama ningelitoa, angewasha.

Wanasema alitoka kwenye simu amekunja uso, akawaita wote uwanjani akahesabu kwa hasira, kama mtu anayetaka kuthibitisha kwamba anapotezewa muda. Mbali na mimi, mtu mmoja akapungua. Akahesabu tena. Wakasema Radi kaenda dukani, wakasema yuko msalani. Mpakiaji mmoja ndiye aliyeona tochi inamulika ndani ya tangi. Bwana Dakika aliketi palepale chini, kwenye maji, na saa yake mkononi, mpaka walipomletea kiti.

Niliporudi, shavu limefura, kila mtu alinipisha njia. Msumeno ulikuwa bado juu ya swichi. Nikaambiwa nikae nyumbani wakati wanafikiria wanifanye nini, ndiyo yale mapumziko. Nilishindwa kukueleza kwa sababu ulinipa kitu kimoja tu nikitunze, nikakisahau. Na sikujua, na mpaka leo sijui, kama nilifanya kosa au nilifanya jema.

Siku ya pili Radi alikuja chumbani kwangu. Akasimama mlangoni. Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Kufuli lile nimelitukana kila siku kwa ajili ya mkate wako." Akaingia. Tulikaa kitandani wawili, tunacheka na kulia, mimi shavu linauma.

Nimerudishwa kazini wiki iliyopita. Makufuli yameagizwa, kila fundi na lake, na Radi kachagua la njano ili lisichanganywe na langu. Anatafutwa mwalimu wa kuja kutufundisha sote, Bwana Dakika akiwemo. Nimeshusha pumzi, shangazi. Sikujua nilikuwa nimeibana kiasi gani mpaka nilipomaliza kuandika haya.

Unaweza kumwambia baba.

Fyuzi wako


25 Mei

Mwanangu Fyuzi,

Marahaba, marahaba, marahaba. Barua yako niliisoma, nikatoka nje, nikaizunguka karakana nzima, nikarudi. Jirani akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia nilikuwa nimepoteza, nimekipata. Paka nimempa maziwa yangu ya chai. Baba yako nimemsomea yote, akaniomba nirudie mahali pa tochi, kisha akatembea mpaka kwako chumbani akafungua madirisha. Goti hakulitaja.

Unauliza ni kosa au ni jema. Ni kosa. Kazi ikiisha, kufuli linatoka na mwenyewe. Radi hakulindwa na kufuli lako, alibahatika nalo tu. Angekuwa na lake, uhai wake usingengoja jino lako liume. Hayo nakwambia kama fundi. Kama shangazi, nalibariki hilo jino, na daktari aliyekukawiza namwombea maisha marefu.

Bwana Dakika mwachie sifa zake. Mtu akishaamini wazo ni lake, hawezi kulisahau. Akiulizwa nani alimpigia simu, aseme ni mama mmoja mkorofi.

Mtihani nimerudia. Swali lilikuwemo, neno kwa neno. Nilijaza nafasi yote nikaomba karatasi nyingine. Mwalimu akasoma, akaniuliza kama mambo haya yametokea kweli. Nikamwambia yametokea kwa mwanangu. Nikamwambia pia kwamba bila mkasi wake mwekundu, mimi ningesema kata. Binti wa watu akageukia ubaoni akafuta ubao uliokuwa safi. Nimefaulu, leseni iko ukutani, na jirani yangu sasa saini yake aitie kwenye kazi zake. Mwezi ujao ninasimulia mbele ya mafundi wapya. Nimekubali kwa sharti la kupewa kiti, dawati sitaki tena.

Limebaki moja. Nilikwambia ufunguo ni mmoja. Dukani kufuli lile lilikuja na funguo mbili. Wa pili niliuficha kwenye kopo la vifungo, kwa sababu nakujua, funguo za nyumba hii umezipoteza mpaka tukachoka kubadilisha vitasa. Nikajiambia, akipoteza, mimi ninao. Siku ile simu ilipolia nililitazama lile kopo nikaogopa. Ningekuwa karibu, Fyuzi, ningekimbia nao nikawafungulie, na ningejiona nimesaidia.

Jana niliubana kwenye jiliwa nikaukata. Vipande vyote viwili ndivyo hivyo humu ndani ya bahasha. Sasa ufunguo ni mmoja kweli, na unao wewe.

Baba yako ameuliza tena. Safari hii nimemwambia anakula, na wanakula wawili.

Shangazi yako